Pima Kwanza, Dawa Baadaye: Varroa na Mizinga Kumi ya Klabu Yetu

Jumamosi ile tulikuwa sita tu manzukini, wengine walikuwa wanajiandaa na test. Tulipofungua mzinga namba sita, dada mmoja wa mwaka wa pili alichokonoa kitundu cha dume kwa ncha ya kisu, akatoa pupa mweupe pee. Mgongoni kwa yule pupa kulikuwa na kidoa cha rangi ya kahawia iliyoiva, kipana kuliko kirefu. Kidoa kikatembea.

Picha ilifika kwenye grupu la klabu kabla hatujavua hata mavazi ya kujikinga.

"Jamani, hii si ndo varroa?"

"Ndo yenyewe. Imemaliza nyuki Marekani hiyo."

"Basi tuchange. Boom likiingia kila mtu atoe elfu kumi, tuagize dawa."

"Zipo mtandaoni, zile za kuning'iniza ndani ya mzinga. Nimeona video."

Kufikia saa nne usiku watu 14 walikuwa wameandika "nipo". Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kesho yake nikampigia babu. Babu yangu yuko Sikonge, mkoani Tabora, na ametundika mizinga ya magome porini tangu mama yangu hajazaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za masomo, nikamweleza juu ya mdudu mwekundu.

"Hao tunawaona siku nyingi," akasema. "Huo mzinga una majana?"

"Umejaa, babu."

"Asali ipo?"

"Ipo."

"Nyuki wanatoka na kuingia vizuri?"

"Vizuri kabisa, dada mmoja wameshamuuma mara nne."

"Sasa mjukuu wangu, dawa hiyo mnampa nani?"

Swali hilo lilinikalisha maktaba wiki nzima. Nilichojifunza nakileta hapa kwa sababu klabu za nyuki zinaongezeka vyuoni, vijana wengi wanaomaliza chuo wanaenda kufuga, na wanavijiji wakituona na vitabu wanatuamini. Tukikosea sisi, watakosea wengi.

Varroa ni nani hasa?

Varroa ni utitiri, ukoo mmoja na kupe. Jike aliyekomaa ana upana wa takriban milimita 1.6 na urefu wa milimita 1.1. Inaonekana ndogo, lakini ukilinganisha na mwili wa nyuki ni kama wewe utembee na kupe mwenye ukubwa wa sahani ubavuni.

Kwao ni Asia. Kule aliishi na nyuki wa Asia, Apis cerana, bila maafa makubwa, maana nyuki wale wanajua kumdhibiti na yeye huzaliana hasa kwenye majana ya madume tu. Tatizo lilianza katika karne ya 20, watu walipopeleka nyuki wa Ulaya, Apis mellifera, maeneo hayo. Varroa akapata mwenyeji mpya ambaye hakuwahi kukutana naye. Kwa muda mrefu wataalamu walimchanganya na ndugu yake, Varroa jacobsoni. Mwaka 2000 ndipo Denis Anderson na John Trueman wa Australia walipomtenganisha na kumpa jina Varroa destructor, maana yake "mharibifu".

Kutoka hapo alisafiri na biashara ya nyuki. Alionekana Marekani mwaka 1987, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997. Huku kwetu, Kenya na Tanzania, watafiti walithibitisha kuwepo kwake mwaka 2009. Australia ilijitahidi kumzuia kuliko wote, lakini mwaka 2022 alikutwa karibu na bandari ya Newcastle. Serikali ikateketeza maelfu ya mizinga, kisha Septemba 2023 ikakubali kwamba kumtokomeza haiwezekani tena.

Anazaliana vipi? Hapa ndipo siri ya matibabu yote ilipo, kwa hiyo soma taratibu. Varroa jike husubiri buu la nyuki likaribie kufunikwa, akajipenyeza ndani ya kitundu. Nyuki wanaziba kwa nta bila kujua kwamba wamemfungia mgeni. Baada ya siku tatu hivi anataga yai la kwanza, ambalo ni dume, kisha mayai ya majike, moja kila baada ya saa 30 hivi. Watoto wanakula kwenye mwili wa pupa, dume anawapanda dada zake humohumo, na nyuki anapotoka, mama na mabinti waliokomaa wanatoka naye. Ambao hawajakomaa wanafia ndani.

Maana yake ni kwamba kila kitu kinategemea muda kitundu kinavyobaki kimezibwa. Cha kibarua wa Ulaya hukaa kimefungwa siku 12 hivi, cha dume siku mbili tatu zaidi. Ndiyo maana varroa anapenda madume: anapata muda wa kukomaza mabinti wengi. Na ndiyo maana yule dada alimkuta kwenye kitundu cha dume. Ukichokonoa pale, ukimkuta usishtuke. Hapo ndipo nyumbani kwake.

Kinachoua kundi si kunyonywa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Samuel Ramsey ulionyesha kwamba kwa nyuki waliokomaa varroa hula tishu ya mafuta, ambayo kwa nyuki inafanya kazi kama za ini letu. Halafu anaambukiza virusi, hasa vile vinavyofanya nyuki azaliwe na mabawa yaliyosinyaa. Nyuki asiye na mabawa ya kurukia hana kazi mzingani.

Wenzetu wanatibu vipi

Nyuki wa Ulaya, akiachwa bila kutibiwa, kwa kawaida kundi hufa ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo mfugaji wa Ujerumani au wa Ohio anayetibu hafanyi anasa. Anaokoa mifugo yake. Njia zao ni hizi.

Kwanza, vipande vya plastiki vilivyotiwa dawa ya viwandani, kama fluvalineti au amitrazi. Unavining'iniza katikati ya masega kwa wiki sita hadi nane au zaidi kidogo, ili kila varroa anayetoka na nyuki mpya akutane na dawa. Ndizo zile za kwenye video. Shida yake ni usugu. Fluvalineti ilifanya kazi vizuri sana mwanzoni, lakini ndani ya miaka ya 1990 varroa wa Ulaya na Marekani walishaanza kuizoea. Ni hadithi ya klorokwini na malaria, ambayo Tanzania tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu hiyohiyo.

Pili, asidi ya fomiki. Hii hutoa mvuke unaopenya hadi ndani ya vitundu vilivyozibwa, ni sifa adimu. Lakini inadai hali ya hewa ya wastani. Maelekezo ya bidhaa zake huweka kikomo karibu na nyuzi 29 za Selsiasi. Joto likizidi, mvuke unakuwa mkali na malkia anaweza kufa. Sasa fikiria Tabora au Dodoma mwezi Oktoba.

Tatu, asidi ya oksaliki, ambayo Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 2015. Hudondoshwa na maji ya sukari au huvukizwa. Haiachi masalia ya kutisha na ni bei nafuu, lakini inaua tu varroa walio juu ya nyuki, haigusi walio ndani ya vitundu. Wazungu wanaitumia wakati wa baridi kali malkia anapoacha kutaga. Wakati huo mzinga hauna majana, na varroa wote wako nje. Kwetu malkia anataga karibu mwaka mzima. Ukiiga tarehe za video utaua wachache, na wengine watakungoja ndani ya vitundu.

Nne, thaimoli, mafuta yenye harufu kali yanayotoka kwenye mmea wa zaatari, ambayo nayo inategemea sana joto. Na tano, mbinu zisizo na dawa kabisa: kukata sega la madume, kumfungia malkia asitage kwa wiki tatu na zaidi, au kugawa kundi.

Umeona kitu? Karibu kila njia imepangwa kufuata majira yao na tabia za nyuki wao. Hakuna ubaya wowote hapo. Tatizo linaanza tunapoinakili ratiba nzima na kuipeleka kwenye mzinga wa mbuyuni.

Mbona wetu hawajaisha?

Varroa alipoingia Afrika Kusini mwaka 1997, wafugaji waliogopa kama sisi. Mike Allsopp, mtafiti wa huko, alifuatilia makundi ambayo hayakupewa dawa. Mwanzoni varroa waliongezeka na makundi yalidhoofika. Kisha hali ikageuka. Kwa nyuki wa Cape ilichukua miaka mitatu hadi mitano, na kwa nyuki wa savana, Apis mellifera scutellata, miaka sita hadi saba, varroa wakawa mdudu wa kawaida tu. Scutellata ndiye tuliye naye sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya.

Kenya nayo ilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa na watafiti wa Kenya na Marekani, ulimkuta varroa karibu kila walikokwenda isipokuwa maeneo ya mbali kaskazini, lakini haukuona dalili kwamba makundi yanapungua kwa sababu yake. Masalia ya dawa mizingani pia yalikuwa kidogo sana.

Hata Brazil ina ushahidi wenye damu yetu. Mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka huko malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Uzao wao ulisambaa bara zima, varroa akawakuta huko miaka ya 1970, na hadi leo wafugaji wa Brazil kwa sehemu kubwa hawatibu.

Sababu ni kadhaa na zinasaidiana. Kitundu cha kibarua wetu hukaa kimezibwa muda mfupi kidogo kuliko cha Mzungu, hivyo mabinti wengi wa varroa hawawahi kukomaa. Vibarua wanafukua majana yenye mdudu na kuyatupa nje. Wanasafishana. Halafu ile tabia inayotuudhi, ya kujigawa kila mara na kuhama, nayo ni tiba: kundi likihama linaacha majana nyuma, na varroa waliomo ndani wanaachwa yatima.

Jambo la muhimu ni kwamba uwezo huu unadumu kwa sababu kila mwaka makundi dhaifu yanashindwa na yenye nguvu yanazaa. Ukiyapa yote dawa, mazuri na mabovu, umeondoa mtihani. Kizazi kinachofuata kinatoka na cheti ambacho hakikukifanyia kazi.

Lakini tusijidanganye

Ningeishia hapo ingekuwa makala tamu ya kujisifu. Madagaska nao ni Afrika, na nyuki wao, Apis mellifera unicolor, ni wa jamii za Kiafrika. Varroa alipogunduliwa kule mwaka 2010, makundi mengi yalikufa. Uafrika peke yake si chanjo.

Pia nyuki wetu wanavumilia wakiwa na afya. Kundi lililokatwa asali yote bila kuachiwa chakula, lililopigwa na dawa za mashambani au linaloteswa na nondo wa nta haliwezi kufukua majana kwa bidii. Hapo varroa aliyekuwa mgeni mvumilivu anageuka mwenye nyumba.

Kwa hiyo jibu la "tusitibu kamwe" ni la uvivu kama lile la "tutibu wote". Sisi tumekua tukisikia hospitalini kwamba si kila homa ni malaria, pima kwanza ndipo umeze dawa. Nyuki wanastahili heshima hiyohiyo.

Nusu kikombe cha nyuki

Kupima hakuhitaji maabara. Unahitaji chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, wavu wenye matundu ya milimita 3 hivi wa kuziba mdomo huo, sukari ya unga ile ya kupambia keki, na beseni jeupe lenye maji kidogo.

Fungua mzinga jioni, kwa moshi wa kutosha. Chagua sega lenye majana, kwa sababu nyuki walezi ndio wenye varroa wengi. Hakikisha malkia hayupo kwenye sega hilo. Kagua mara mbili, na kama humwoni chagua jingine. Kung'uta nyuki kwenye beseni kavu, chota nusu kikombe, kama mililita 120, umwage ndani ya chupa. Hao ni takriban nyuki 300, na kwa kuwa wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya, watazidi kidogo.

Ongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari, viringisha chupa taratibu kwa dakika moja, iache kivulini dakika mbili. Sukari inamfanya varroa ateleze na ashindwe kung'ang'ania. Kisha pindua chupa, tikisa juu ya beseni lenye maji kwa dakika nzima. Sukari inayeyuka, varroa wanabaki wanaelea kama punje za ulezi. Wahesabu. Nyuki unawarudisha mzingani, wamepakaa unga na wana hasira, lakini wazima.

Gawa idadi kwa tatu upate varroa kwa kila nyuki 100. Kwa nyuki wa Ulaya, wafugaji wa Marekani huanza kutibu wakifika wawili au watatu kwa 100. Kwetu kiwango hicho kichukulie kama taa ya njano. Kikivukwa, usikimbilie duka. Angalia kundi: majana yametawanyika ovyo? Kuna nyuki wenye mabawa yaliyosinyaa wanaotambaa mlangoni? Idadi ya nyuki inashuka? Pima tena baada ya mwezi, uandike.

Namba ikibaki juu na kundi likikosa nguvu, anza na yasiyo na sumu. Kata sega la madume likishazibwa na kabla hawajatoka, wape kuku. Ukilisahau likaanguliwa, umefuga varroa mwenyewe. Gawa kundi, maana nusu isiyo na malkia itakaa wiki kadhaa bila majana mapya na varroa watakosa pa kutagia. Acha asali ya kutosha. Yote yakishindikana, zungumza na afisa nyuki wa wilaya kuhusu dawa inayoruhusiwa, na itumie baada ya kurina, kamwe si wakati asali ya kuuza iko mzingani.

Na tafadhali, dawa ya josho usiiguse. Amitrazi ileile inayoogeshea ng'ombe dhidi ya kupe inapatikana kwenye maduka ya mifugo, na lazima siku moja mjanja mmoja ataona ni njia ya mkato. Vipimo vyake havikutengenezwa kwa nyuki wala kwa chakula.

Nta haisahau

Kuna gharama moja ambayo video hazitaji. Fluvalineti na dawa za aina yake huyeyuka kwenye mafuta, na nta ni jamii ya mafuta. Dawa inaingia kwenye sega na kukaa humo. Ukiyeyusha nta, ukatengeneza misingi mipya ya masega, dawa inahamia kwenye mzinga mwingine. Nchi zilizotibu kwa miongo sasa zina nta yenye masalia hata kwa wafugaji walioacha kutumia dawa.

Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali na nta barani Afrika, na soko la Umoja wa Ulaya linapima masalia ya dawa. Babu yangu anauza nta. Hajui neno fluvalineti, wala hana sababu ya kulijua, ilimradi hakuna mjukuu aliyeipeleka porini kwa nia njema.

Tulichoamua

Mchango wa elfu kumi haukufanyika. Tulichanga elfu mbilimbili, tukanunua sukari ya unga, wavu na daftari kubwa la kaunta. Kati ya mizinga yetu kumi, minane ina nyuki. Tulipima yote kwa jioni tatu. Mizinga saba ilitoa varroa kati ya mmoja na watano kwa chupa nzima. Mzinga namba sita, uleule wa picha, ulitoa 11, yaani karibu wanne kwa kila nyuki 100.

Kwa hiyo dada wa mwaka wa pili hakukosea kushtuka. Tumekata sega la madume la mzinga ule, hatujarina asali yake, na tumeandika tarehe ya kupima tena, mwisho wa mwezi, wiki moja kabla ya UE. Ukipenda kuja kuhesabu nasi, vaa soksi ndefu. Namba sita bado wanauma vizuri, na kwa sasa hiyo ni habari njema.